Miswada ya fantasia aliyoacha mzazi: nianze kupanga au kuhariri?

MrithiWaMiswada
Wakuu, salaam. Mzazi ameacha madaftari ya riwaya ya fantasia isiyokwisha: falme, ramani mbili, kalenda yake, na majina yanayobadilika kutoka daftari moja hadi jingine. Familia inataka kitabu. Nizipange karatasi kwa mtiririko wa hadithi kwanza? Na matoleo yakigongana, nifuate lipi?

MtunzaNyaraka
Usipange kwa mtiririko wa hadithi! Acha kila kitu kama ulivyokikuta, hata kionekane vurugu. Karatasi iliyochomekwa katikati ya daftari ni ushahidi wa lini iliandikwa na ilikuwa ikijibu nini. Ukiihamisha, ushahidi umepotea. Kila daftari lipe herufi, kila karatasi namba kwa penseli laini (2B inatosha) kwenye kona: B-017, upande wa mbele a, wa nyuma b. Kalamu ya wino isiguse kitu.

Halafu ondoa vinavyokula karatasi. Pini za stepla na klipu huota kutu, mipira ya kufungia huyeyuka na kunata, solotepu huacha doa la kahawia. Pini ikunjue miguu kwa nyuma ndipo uitoe. Ukiivuta kwa mbele karatasi kavu inachanika. Kulamineti (kufunika karatasi kwa plastiki ya moto) ni kuharibu moja kwa moja, hakurudishiki.

Skani kwa dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), kwa rangi, hata kama wino ni mweusi, maana rangi ndiyo inayofichua masahihisho ya kalamu nyingine. Faili la TIFF, lisilopoteza ubora, la kuhifadhi; la JPEG, lililo jepesi, la kusomea. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba.

Mhariri_Rasimu
Naongezea hapo kwenye rangi ya wino, maana ndipo wengi wanapopotea. Tuseme mhusika anaitwa Kirado kwenye daftari B, na Haruma kwenye D. Unaweza kudhani kila ukurasa wenye "Haruma" ni wa baadaye. Lakini waandishi hurudi nyuma na kusahihisha. Kama "Kirado" limekatwa na "Haruma" limeandikwa juu yake kwa wino tofauti, jina jipya linakupa umri wa sahihisho tu, si wa ukurasa.

Kwa hiyo nakili neno kwa neno, makosa ya tahajia yakiwemo. Kilichokatwa kiweke ndani ya alama yake, kilichoongezwa alama nyingine, usichoweza kukisoma [?].

Kuhusu toleo la kufuata: la mwisho si lazima liwe bora. Mara nyingi rasimu ya mwisho inaishia sura ya tatu na inavunja kila kinachofuata. Mimi ningechukua la karibuni zaidi linalofika mwisho wa kisa, mengine yaende kwenye kiambatisho. Tazama alivyofanya Christopher Tolkien, mwana wa J.R.R. Tolkien aliyeandika The Lord of the Rings. Baba yake alifariki 1973. Mwaka 1977 akatoa The Silmarillion kama simulizi moja lililonyooshwa, kisha kati ya 1983 na 1996 akachapisha juzuu 12 zinazoonyesha rasimu zenyewe pamoja na maelezo yake. Wewe anza na hiyo kazi ya pili.

MchoraRamani
Ramani mbili zina faida kubwa. Tafuta kila safari iliyotajwa kwa siku. Mtu wa miguu kwenye njia nzuri huenda kilomita 25 hadi 30 kwa siku, milimani hata nusu yake. Pima safari hizo kwenye ramani zote mbili: ile ambayo safari nyingi zinatoa kipimo kimoja cha umbali kwa siku ndiyo aliyokuwa nayo mezani alipoandika sura hizo. Fanya hivyo sura kwa sura, huenda alibadilisha ramani katikati.

Mwezi pia. Kama hajaubadilisha, mpevu hadi mpevu ni siku 29 na nusu. Mwezi mpevu mara mbili ndani ya siku kumi kwa kawaida maana yake ni rasimu mbili zilizounganishwa.

Usijaze mapengo ya ulimwengu wake. Ufalme uliotajwa mara moja bila maelezo unaipa hadithi kina. Ukiuandikia historia umeutia ukuta. Sentensi za kuunganisha zikilazimu, ziwe chache na zitajwe kwenye dibaji.

MrithiWaMiswada
Nashukuru sana wakuu. Na hakimiliki?

MtunzaNyaraka
Kushika madaftari si kumiliki haki. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, nchi nyingi zimeweka 70, na haki hizo huenda kwa warithi. Kama mko wengi, andikeni na kusaini nani ana kauli ya mwisho juu ya maandishi, kabla ya kuzungumza na mchapishaji yeyote.