Jeni ya DUX4: misuli na saratani?

Mkulima_Hombolo: Habari wakuu. Mdogo wangu hawezi tena kuinua mikono kukata zabibu, hata mluzi haupigi. Daktari kasema ni ugonjwa wa kudhoofika misuli, kataja jeni ya DUX4. Nasoma inahusishwa na saratani pia. Atapata vyote viwili?

Nesi_AreaC: Pole sana ndugu yangu. Jeni hiyo hufanya kazi kiinitete (mimba changa kabisa) kikiwa na seli 4 hivi, kisha hufungwa. Kwake imefunguka ndani ya misuli, na protini yake inaziua seli. Kwenye baadhi ya saratani, uvimbe wenyewe ndio huiamsha, ukajificha usionwe na kinga ya mwili. Ugonjwa wake si saratani!

Mkulima_Hombolo: Ahsante dada. Na wanawe?

Nesi_AreaC: Kwa aina iliyozoeleka ya ugonjwa huu, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 kuirithi.