Crown Athlete, BMW 5 au Benz E: kwa sisi wa Tabora, ipi inastahili pesa yetu?

Wakuu, salaam kutoka Tabora.

Huu ubishi ulianza kijiweni Kanyenye Jumamosi na watu wamelala nao. Mdogo wetu mmoja kajichanga kwa miaka, sasa anataka kuagiza gari Japani. Hataki IST wala Passo. Anataka gari la heshima lenye mbio. Kwenye simu ana picha tatu: BMW 525i ya 2007, Mercedes E-Class ya 2005 na Toyota Crown Athlete. Wazee wakasema Benz. Vijana wakasema BMW. Fundi aliyekuwa anakunywa kahawa pembeni akasema Crown, akarudi zake gereji. Mimi nipo upande wa fundi, ila si kwa ile sababu ya kila siku kwamba spea za Toyota zimejaa.

Kwanza tuitendee haki BMW, maana wengi wanaoiponda hawajawahi kushika usukani wake. Hii 525i ni ya kizazi cha E60, kilichotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2010: uzito wake umegawanywa karibu nusu mbele nusu nyuma, pua imeundwa kwa aluminiamu ili isilemee, na injini ya N52 ina silinda 6 zilizojipanga mstari mmoja, bila tabo ya kuisukumia hewa. Nimeiendesha kutoka Nzega hadi hapa, kilomita kama 115 za lami. Kona inaiingia bila kuyumba, ukikanyaga inaitika hapohapo, na mikono inasikia kila badiliko la lami. Nilipofika Ipuli nilitamani nigeuze nirudi Nzega. Kwa raha ya kuendesha BMW ndiyo ya kwanza, na hapo sibishani na mtu.

Lakini tazameni nguvu. 525i hiyo ina nguvu za farasi 218. Crown Athlete ya cc 2,500, lile toleo la 2003 hadi 2008 ambalo Toyota yenyewe ililitangaza kwa jina la Zero Crown, ina 215. Farasi watatu tu. Anayesema BMW inakimbia zaidi atafute hoja nyingine; pale unalipia usukani na mwili wa gari.

Sasa tairi. Hapa naomba tukae, maana kijiweni hawakuligusa kabisa. E60 nyingi zilitoka kiwandani bila tairi la spea. Zinavaa tairi za ranfleti, zenye ubavu mgumu, ambazo zikipata pancha unaendelea kutembea kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kwa Ujerumani zinatosha sana. Kwetu, toka Tabora uelekee Itigi: ukishaipita Nyahua, mpaka Chaya ni kilomita kama 85 za msitu wa miombo. Hesabu haitoshi. Njia ya Sikonge kwenda Koga na Mpanda ndiyo usiseme. Na hata ukijikokota hadi kwa fundi pancha, ubavu ule kwa vyuma vyake viwili na nyundo haubanduki bila kuumiza rimu, na tairi lililotembezwa bila upepo halifai tena kuzibwa.

Mwaka jana nilipata pancha nikiwa na Crown, jua linazama, katikati ya pori hilohilo, mke wangu na watoto wakiwa ndani. Nikatoa jeki, nikatoa spea, baada ya dakika 20 tulikuwa safarini. Tangu siku ile nikienda kumkagulia mtu gari nafungua buti kwanza, boneti baadaye.

Najua jibu litakuwa: funga tairi za kawaida, beba spea. Inawezekana, na wengi wanafanya hivyo. Ila kagua kwanza kama tairi zima linalala chini ya sakafu ya buti; lisipoingia, linakula nafasi ya mizigo na mabegi yanahamia kwenye siti za watoto.

Jambo lingine ni boliti. Bloku ya N52 ni ya magnesiamu na aluminiamu, na boliti zake za aluminiamu ni za matumizi ya mara moja: ukifungua unatupa, unafunga mpya kwa kipimo chake. Mafundi wetu ni hodari na sipendi wanavyodharauliwa, lakini wamekulia kwenye injini ambazo boliti unaipangusa na kuirudisha. Wota pampu nayo ni ya umeme. Haina beliti ya kukupigia kelele kwanza. Inaweza kuzima ghafla na injini ikachemka.

Benz naipitia haraka. E-Class ya W211, yaani kizazi cha hiyo ya 2005, ya kabla ya maboresho ya 2006 ina breki za SBC, zinazotegemea pampu ya umeme inayohesabu mara ulizokanyaga. Ikifika kikomo inadai kubadilishwa. Mzee aliyesema Benz haifi alisema kweli kuhusu zile Benz za zamani, W123 na W124, si hii. Anayeitaka Benz kweli atafute kizazi kilichofuata, W212, ya 2009 kuendelea. E250 yake ya petroli ya miaka ya mwanzo ina cc 1,796 na tabo, farasi 204, na kwa kuwa haivuki cc 2,000 ushuru wake wa bidhaa uko chini kuliko wa hao wenzake. Audi A6 naiweka kando: injini imetangulia mbele ya ekseli, na uzito wa pua unausikia kwenye kila kona.

Crown nayo si malaika. Injini yake ya 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinashika masizi. Iliyopuuzwa inatetemeka asubuhi na kula oili. Nimemwambia mdogo wetu adai video ya injini ikiwashwa ya baridi kabla hajalipa hata shilingi. Faraja ni kwamba injini hiyohiyo ipo kwenye Mark X, na Mark X hapa mjini zimejaa. Mafundi wameshazisafisha hizo vali mpaka wamezizoea.

Nyongeza, baada ya kusoma hoja zenu:

Aliyesema mafundi wa BMW wapo Dar, ni kweli, na wapo wazuri. Ila kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 800, na gari likiwa limekufa linasafiri juu ya lori kwa pesa yako.

Aliyetaja Lexus GS kanifurahisha. GS 300 iliyotoka 2005 inatumia 3GR-FSE, injini ileile ya Crown Athlete ya cc 3,000, na kwa starehe ya ndani inaizidi Crown. Mdogo wetu akipata iliyotunzwa kwa bajeti yake, nabadili kura yangu leoleo.

Analipia Ijumaa. Mwenye E60 anayeishi Kigoma, Tabora au Mpanda, siyo Dar, tafadhali atuambie: unatembea na tairi gani, na spea unaiweka wapi?