Kumpelekea mama mdogo kadi ya Idd Uingereza kupitia mtandao

BintiWete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu yupo hapa Wete na mdogo wake wa tumbo moja anaishi Leicester, Uingereza. Kila Idd humrushia picha za mwezi na taa kwa WhatsApp, naye hutujibu kwa picha za namna hiyo hiyo, ambazo nadhani zimeshapita katika simu za nusu ya ukoo. Safari hii mama anataka mdogo wake apate kadi ya karatasi, ya kushika na kuiweka juu ya kabati, kama zile zilizokuwa zikitiwa stempu zamani. Nasikia zipo huduma za mtandaoni ambazo mtu huchagua kadi, akaandika maneno yake, kisha ikachapishwa na kutiwa posta huko huko. Naomba kujua mambo mawili: nitalipaje nikiwa Pemba bila ya akaunti ya benki, na je, yawezekana maneno ya ndani yawe ya mkono wa mama mwenyewe? Yeye huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni.

MpembaUgenini

Waalaykum salaam, dada yangu. La kuangalia kwanza ni nchi ambamo kadi inachapishwa, kwa sababu hapo ndipo unapookoa wakati na gharama. Moonpig, kwa mfano, ilianza Uingereza mwaka 2000 na hupeleka kadi ndani ya Uingereza, Ireland, Marekani na Australia. Ukiagiza kwa tovuti yao ya Uingereza ukiwa Wete, kadi haivuki bahari hata kidogo, bali inatoka kwenye mtambo wa huko na kuingia posta ya huko.

Anwani iandike kama wanavyoiandika wao: jina, namba ya nyumba na mtaa, mji, kisha msimbo wa posta katika mstari wake peke yake. Misimbo ya Leicester huanza na LE, na msimbo mmoja huchukua wastani wa anwani 15 tu, kwa hivyo herufi moja ikikosewa kadi itakwenda kwa watu wengine kabisa. Mwambie mama mdogo akupigie picha bahasha yoyote aliyoletewa na posta, unakili kutoka hapo.

Kuhusu wakati, barua ya daraja la kwanza hukusudiwa kufika siku ya kazi inayofuata na ya daraja la pili baada ya siku mbili au tatu, na hiyo ya pili haigawiwi Jumamosi. Kwa kuwa Idd inangojea mwezi, na mwezi tunajua habari zake, panga ifike ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani, na usichapishe tarehe juu yake. Mwaka wa Hijria unatosha.

MpigaPichaDarajani

Nijibu hilo la mkono wa mama, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibikiwa. Usijaribu kuchapa maneno yale kwa kibodi ndani ya tovuti, maana hati (mitindo ya herufi, yaani fonti) nyingi za kadi hizi hazina herufi za Kiarabu, na herufi hutoka moja moja bila kuungana au hugeuka vijisanduku vitupu. Mama na aandike kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, yenye ukubwa wa nusu ya A4. Iweke karatasi barazani asubuhi, penye kivuli chenye mwangaza, simu iwe sambamba nayo na taa ya simu izimwe.

Kadi ya ukubwa huo, ili ichapike safi kwa nukta 300 kwa kila inchi, inataka picha ya nukta 1748 kwa 2480, na WhatsApp hupunguza picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Ukiihamisha kutoka simu moja kwenda nyengine, itume kama faili. Acha pia nafasi ya upana wa kidole pembeni, kwani ukingo wa kadi hukatwa.

Baadhi ya huduma hukubali picha upande wa mbele tu. Ikiwa hivyo, mwandiko wa mama na uwe ndio uso wa kadi! Mimi binafsi naona ni bora kuliko maua yao yote.

BabaWaMkoani

Mwanangu, nakuheshimu, lakini sioni haja ya gharama yote hiyo. Sauti ya dada mtu ikirekodiwa kwenye simu inafika saa ile ile, na ni bure.

BintiWete

Shikamoo baba. Sauti tutaipeleka pia, inshallah, lakini simu ya mama mdogo hushinda mikononi mwa wajukuu, na ujumbe wa juzi huwa umeshafutwa. Je, malipo?

KijanaWaChake

Huhitaji benki. M-Pesa na Airtel Money hutoa kadi ya malipo isiyo ya plastiki: unaifungua kwenye menyu ya simu, unaitilia fedha, na unapewa namba 16, tarehe ya mwisho na zile namba tatu za siri, ambazo unazijaza kwenye tovuti kama kadi yoyote ya Visa au Mastercard. Tia fedha zaidi kidogo ya bei unayoiona, kwani bei ni ya pauni na kiwango cha kubadilisha hakitulii. Fomu ikidai msimbo wa posta wa mlipaji, weka wa shehia yako. Wetu una tarakimu tano, na wa Zanzibar huanza na 7. Ikikataa kabisa, mwombe binamu aliyeko huko alipe yeye, umrejeshee, ila asiwe mama mdogo mwenyewe.

BintiWete

Ahsanteni sana. Na mjomba aliyeko Muscat, je, njia ni hiyo hiyo?

MpembaUgenini

Tafuta mchapishaji wa Oman au nchi ya jirani. Ila huko barua huelekezwa zaidi kwenye sanduku la posta kuliko mlangoni, kwa hivyo muulize namba ya sanduku na msimbo wa eneo lake. Wa Ruwi, mtaa mmoja wa Muscat, ni 112.