Tupeane uzoefu: wazee wa kanisa kwenu mliwapataje?

Shalom wapendwa. Uchaguzi wa wazee wa kanisa kwetu ni wiki ijayo na jumapili baada ya ibada ya kwanza nimeona kitu kikanichosha, jamaa kapaki gari karibu na mlango anagawia wanakwaya soda huku anawaambia "mnajua cha kufanya". Soda jamani! Wakati huo mama mmoja ambaye ndo anafungua kanisa kila jumapili saa kumi na moja alfajiri wala hakuna aliyemtaja. Mitume walipotafuta mtu wa kuziba pengo la Yuda waliomba kwanza ndo wakapiga kura ikamwangukia Mathiya, sijasoma popote kwamba aligawa kitu. Kwenu mnafanyaje, na mliyemchagua aliishia vipi? Majina ya watu na makanisa tusitaje.

Mama Sauti ya Pili: Sisi tulimchagua mtu wa harambee. Alisimama akaahidi bati 200, vigelegele mpaka mchungaji akashindwa kuendelea, uchaguzi ulipofika kapita bila jasho. Huu mwaka wa tatu mvua ikinyesha bado tunasogeza mabenchi upande wa madhabahuni. Vikao vyenyewe kaja mara mbili, na mara zote mbili kadai posho ya mafuta.

Fundi Bomba: Mi naongea tofauti kidogo msinipige mawe. Tulimchagua mzee mpole kweli, hana makuu, msiba ukitokea saa tano usiku yeye kafika na baiskeli na chupa ya chai kaifunga nyuma kwa mpira. Tukampa uhasibu. Kila aliyekuja na shida alimkopesha kutoka kwenye sadaka bila hata kuandika, mwisho wa mwaka tunafungua daftari kurasa ziko nyeupe kama theluji ya Kilimanjaro. Hakuiba hata mia ila hela hazipo. Mtu kama yule mpe kutembelea wagonjwa, daftari mpe mwingine.

Msabato wa Kijijini: Kwetu kampeni hairuhusiwi, kunakuwa na kamati ya mapendekezo inakaa, majina yanasomwa mbele ya washiriki, mwenye pingamizi anaipelekea kamati hasimami kumchambua mtu hadharani, baadaye ndo kanisa linapiga kura. Utaratibu mzuri sana ila binadamu ni binadamu, siku hizi vita inaanzia kwenye nani aingie hiyo kamati. Mimi niliwahi kuwemo, likatajwa jina la mke wangu nikaambiwa nipishe, nimekaa chini ya mwembe karibu saa nzima nahesabu siafu 😂

Mpenda Historia: Wakopti, wale Wakristo wa Misri, wamemaliza ubishi. Mwaka 2012 wapiga kura waliwapunguza wagombea wakabaki 3, majina yakawekwa kwenye chombo cha kioo, mtoto kafungwa kitambaa machoni akachomoa moja, ndo akapatikana mkuu wa kanisa lao, Papa Tawadros wa Pili.

Mama Sauti ya Pili: @Mpenda Historia kwetu huyo mtoto angefundishwa kuchungulia tangu ijumaa.

Niliyeshindwa: Ngoja nikiri, mi nilishawahi kuutaka uzee ili nikae kile kiti cha mbele, basi. Nikapita nyumba kwa nyumba na sukari kilo kilo, nikashindwa kwa kura 11, nikasusa ibada miezi miwili. Aliyenishinda akaja kwangu akanikuta naosha pikipiki, hakusema lolote la uchaguzi, akachukua tambara akaanza kusugua rimu ya nyuma. Tumemaliza kuosha akaomba maji ya kunywa akaondoka. Kile kiti sikukitaka tena.

Mwenye mada: Mrejesho. Tumepiga kura leo, jamaa wa soda kashika namba moja. Mama wa funguo kapata kura nne, moja yangu. Natoka nje namkuta anaokota chupa na kuzipanga kwenye kreti ili zirudi dukani.