Tupeane uzoefu: sayansi ilipogeuka Kiingereza darasa la tano

Mama Sebleni: Jamani, mwanangu kaingia la tano. La nne alikuwa hanipi nafasi: mama, mbona barafu inaelea? Mama, kinyonga anageukaje rangi? Jana namuuliza sayansi mmesoma nini, kanijibu "tumenakili." Sie wa zamani Kiingereza tulikikuta sekondari. Nyinyi mliosoma hapa Zanzibar kwa sera ya elimu ya 2006, sayansi na hisabati Kiingereza tangu la tano, ilikuwaje?

Mchuma Karafuu: Umenigusa, dada. Mie nimesoma Pemba, na ule ulikuwa msimu wa karafuu. Nikitoka chuo cha Kurani ni kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka vidole vinawasha, asubuhi namsaidia bibi kutandaza karafuu jamvini. Mbichi ni nzito, baridi mkononi. Siku ya nne, tano, ukiikunja inakatika "ta!", na gunia limekuwa jepesi. Bibi akisema maji yamekwenda na jua.

Sasa mwalimu kauliza, kwa Kiingereza, kitu kikianikwa maji yake yanakwenda wapi. Swali nililielewa! Nikanyoosha mkono peke yangu darasa zima. Nikaanza, "Mwalimu, karafuu..." Akanikata: "Kiingereza!" Nikatafuta karafuu, sina. Jamvi, sina. Kukauka, sina. Nikabaki nimesimama, vidole vimebana kama nimeshika karafuu, wenzangu wanacheka. Akainuliwa aliyekariri mstari wa daftarini, akapigiwa makofi. Sikunyoosha mkono tena mpaka namaliza skuli ya msingi. Kengele ya sayansi ikilia, tumbo linasokota.

Binti Chwaka: Hilo tumbo wallahi nalijua.

Msukuma wa Mwanza: Sisi Bara shule za serikali tulisoma kwa Kiswahili hadi la saba. Kishindo hicho kilitukuta kidato cha kwanza, masomo yote kwa mpigo.

Fundi Redio: Mnailaumu lugha bure. Mtihani wa kidato cha nne ni Kiingereza, bora aanze mapema. Na Kiswahili chenyewe! "Usanisinuru", hiyo "photosynthesis", mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, mtoto wa miaka kumi kalisikia wapi?

Mwalimu wa La Tano: Kaka, usanisinuru ukilikata, mtoto anaiona nuru ndani yake. Napata pa kuanzia. Hilo la Kiingereza nalikata wapi? Mie nawapandisha maharage kwenye pamba iliyoroweshwa maji, wanabishana kwa Kiswahili mpaka wachoke, ndipo tunaandika Kiingereza. Mkaguzi akija, nakwenda Kiingereza kitupu, na darasa linanyamaza kama msibani.

Fundi Redio: Basi unawadekeza. Sekondari nani atawatafsiria?

Mwalimu wa La Tano: Njoo ufundishe wiki moja watoto 70, kisha tuzungumze.

Binti Chwaka: Acheni ugomvi, tumsikilize mwenye karafuu. Bibi uliwahi kumwambia?

Mchuma Karafuu: Sikumwambia. Angekwenda skuli na mkongojo wake.

Baba Tatu: Mama Sebleni, mtie tuisheni haraka.

Binti Chwaka: Usimtie! Skuli, chuo, tuisheni, atacheza saa ngapi?

Msukuma wa Mwanza: Awasomeshe kuku kwa Kiingereza. Kuku hawacheki mtu.

Mama Sebleni: Leo nimemrudishia lile swali la barafu. Kazungumza mpaka chai imepoa. Mchuma, karafuu kwa Kiingereza ulikuja kuijua?

Mchuma Karafuu: Nimeikuta kwenye pakiti ya viungo, supamaketi Dar. Nilisimama pale na kikapu changu, nikalisoma mara tatu kwa sauti.