WRX ya EJ205 imeua beringi: nijenge stroka ya 2.1 au niweke EJ207 nzima?

MbioZaBonde (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Gari ni Subaru Impreza WRX, bodi ya GDA, injini EJ205 (turbo ya lita 2.0), gia tano za mkono. Beringi ya konrodi imekufa, krenki imechunika, ila kuta za silinda hazina mkwaruzo. Injini tayari iko mezani. Fundi mmoja ananishauri nitie krenki ya EJ257 (Subaru turbo ya lita 2.5) yenye stroko, yaani mwendo wa pistoni, ya mm 79 nitoke na lita 2.1, ndiyo stroka. Mwingine anasema niache kuchezea pesa, nichukue EJ207 nzima (injini ya WRX STI) kutoka kwa hafukati, ile nusu ya mbele ya gari iliyokatwa na kuuzwa kwa vipuri. Bajeti ni 550,000. Gari ni la wikendi, Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, na mara moja moja kupanda Timboroa. Natafuta anayejua namba, si anayejua majina ya injini.

Piga_Hesabu

Namba basi. EJ205 ni 92 kwa 75 (kipenyo cha silinda kwa stroko, kwa mm), yaani cc 1,994. Krenki ya 79 inakupa cc 2,101. Umeongeza asilimia 5 na kitu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa. Hiyo asilimia 5 hata haigusi pengo hilo.

Anayeziba pengo ni turbo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Geji ya boosti husoma kuanzia hewa ya mahali ulipo. Baa 1 kwenye geji ukiwa Mombasa, turbo inazidisha hewa mara 2. Baa 1 hiyo hiyo Nakuru ni mara 2.2, na Timboroa ni karibu mara 2.4. Kama umebaki na turbo ndogo ya TD04, inazunguka kupita kiasi, hewa inatoka moto, na moto huo ndio unaanzisha kunoki (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda). Amua turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo) kwanza, injini baadaye.

Fundi_Boksa (Kisumu)

Piga_Hesabu amesema kweli kuhusu asilimia 5, lakini stroka haijengwi kwa ajili ya cc peke yake. Nguvu inaanza chini zaidi na turbo inaamka mapema kidogo, na kwenye mlima wenye kona kama ule wa Kericho utaisikia. Sababu ya pili ni kuta. Kutoka katikati ya silinda moja hadi nyingine kwenye EJ ni mm 113. Ukibaki na silinda ya 92, katikati panabaki mm 21. EJ25 ya 99.5 inabakiwa na 13.5 tu. Ndiyo maana watu hupenda bloku ya EJ20 na krenki ya 79 kuliko 2.5 kamili.

Sasa mambo yanayoharibika, kwa sababu 2.1 si kuchomeka krenki na kwenda zako.

Stroko imeongezeka mm 4, kwa hivyo pistoni inapanda mm 2 zaidi. Konrodi za EJ20 na EJ25 turbo ni urefu uleule, 130.5. Ukirudisha pistoni zako za zamani zitatokeza juu ya uso wa bloku kwa mm 2, na gasketi ya hedi haifiki unene huo. Chuma kitagonga chuma siku ya kwanza. Lazima pistoni za oda: kipenyo 92 au 92.5, tundu la pini limesogezwa mm 2 kuelekea kichwani.

Pia kompresheni (uwiano wa kubana hewa) inapanda. Kama ilikuwa 8.0 na nafasi ya kuchomea haijabadilika, utajikuta karibu 8.4. Kwa super ya hapa hilo si tatizo kubwa, lakini mtu wa kutuni (anayepanga kompyuta ya injini) ajue kabla ya kuanza, asije kuligundua barabarani.

Krenki yenyewe uichunguze. Za zamani, kabla ya mwisho wa miaka ya 1990, huzuiwa zisiende mbele na nyuma na beringi ya tatu. Bloku yako ya GDA inazuia kwenye beringi ya tano. Ya EJ257 inakubali. Ukiuziwa 79 ya EJ25 ya zamani kwa bei ya kutupwa, mwachie mwenyewe.

Leiti (karakana ya kuchonga chuma) ndipo kazi nyingi hufia. Bloku ya boksa (injini ya silinda zilizolala pande mbili) ni nusu mbili. Tundu za beringi kubwa hupimwa nusu zikiwa zimefungwa kwa nguvu ya kitabu, si zikiwa wazi. Kuhoni silinda kufanyike bamba zito la chuma likiwa limefungwa mahali pa hedi, maana bolti za hedi zikikazwa silinda hujikunja. Ukihoni bila bamba utapata duara zuri mezani na yai ndani ya gari. Muulize mwenye karakana kama bamba la EJ analo. Akikuuliza la nini, shika gari lako uende.

Vipimo vya kushikilia: nafasi ya oili kwenye beringi mm 0.04 hadi 0.05. Pistoni za kufuliwa za 2618 (aina ya aluminiamu) zinataka mm 0.07 hadi 0.09 kwenye ukuta, kwa hivyo asubuhi injini ikiwa baridi itapiga kelele kama cherehani. Usiogope, ikipata moto inanyamaza. Ringi ya juu, pengo la karibu mm 0.5. Likiwa dogo, joto la turbo linakutanisha ncha na kichwa cha pistoni kinapasuka kwenye mifereji ya ringi.

Gundi kati ya nusu mbili za bloku ipakwe uzi mwembamba. Ikizidi inaingia kwenye njia za oili, na umerudi palepale ulipoanzia. Kabla ya hedi kupanda, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili ukitazama kama bolti za konrodi zinagusa bloku.

Hafukati_Si_Bahati

Yote hayo ni kweli, lakini hesabu bajeti tena. Pistoni za oda, konrodi, krenki, leiti, beringi, gasketi, pampu ya oili, kisha tuni. 550,000 inaweza kuisha bloku ikiwa bado haijarudi ndani ya gari. EJ207 inakuja na hedi nzuri zaidi na turbo kubwa kuliko yako, na hapo ndipo tofauti iko, si kwenye cc, kwa sababu nayo ni 92 kwa 75.

Ila usinunue kwa kusikiliza video ya muuzaji. Pima kompresheni injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, throto wazi. Jambo ambalo wengi hukosea huku juu: kitabu kinasema takriban baa 10 hadi 12, lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Injini ambayo ingesoma 10.5 Mombasa itasoma kama 8.5 Nakuru, na bado ni nzima. Tazama silinda zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Zikiachana zaidi ya asilimia 10, kataa. Kisha kata filta ya oili kwa msumeno, kunjua karatasi juani. Vumbi la rangi ya shaba ni beringi. Fungua sampu (beseni la oili) utazame bomba la kunyonya oili pale lilipochomelewa, maana la EJ hupasuka hapo, pampu inavuta hewa badala ya oili.

Chukua injini na waya zake na kompyuta yake pamoja, na ufunguo kama kuna imobilaiza (kizuia wizi kinachotambua ufunguo). Gurudumu la meno mbele ya krenki lazima lilingane na kompyuta: kuna la meno 6 na kuna lile la meno 36 lenye mapengo. Ukichanganya, injini inazunguka vizuri na haiwaki, na utabadilisha koili zote bure. Kama ni EJ207 ya turbo ya njia mbili (twin-scroll), chukua pia manifoldi, sampu na fremu ya chini ya mbele, kwa sababu bomba lake halipiti palipopita la kwako.

Mwisho, kompyuta ya Japani imepangiwa petroli ya oktani 100. Ya kwetu iko chini ya hapo. Kwa hivyo tuni ni lazima upande huu pia. Anayekuambia "weka uendeshe" hataulipia huo mzigo.

Fundi_Boksa (Kisumu)

Kwa bajeti hiyo nakubali, EJ207. Ningebadilisha mawazo tu kama krenki na pistoni ungekuwa nazo tayari. Ongeza kwenye orodha: mkanda wa taiming na rola zake zote, tenshona, pampu ya maji, klachi. Mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Na hiyo gia boksi ya gia tano ihurumie, usiachie klachi kwa kishindo. Wazo la gia sita likija, jua difu ya nyuma nayo lazima ibadilike, uwiano wa mbele na nyuma usipolingana unaua difu ya katikati.

MbioZaBonde (Nakuru)

Asanteni, mmenitoa gizani. Swali moja: kile kipoza oili cha zamani na mabomba ya turbo, nikivisafisha kwa petroli si vinatosha? Na logbuku je?

Hafukati_Si_Bahati

Kipoza oili usisafishe, tupa. Vipande vya beringi vimekwama kwenye vichochoro vya ndani ambavyo petroli haivitoi, vitaachia taratibu kilomita 500 zijazo na kuua injini mpya. Intakula ioshe mara mbili kama turbo ilikuwa inavuja. Bolti ya oili inayolisha turbo ina kichujio kidogo ndani kama wavu. Kitoe, ukitazame kwenye mwanga, weka kipya.

Kuhusu karatasi: namba ya injini ibadilishwe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia akaunti yako, ukaguzi ufanyike, na risiti pamoja na hati za forodha za injini uzidai siku ya kulipa, si baadaye. Kisha mwambie mwenye bima kwa maandishi. Kabla ya kulipa, safisha namba kwenye bloku kwa brashi na uilinganishe na risiti tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesuguliwa au imegongwa upya, hata iwe injini tamu vipi, iache hapo hapo.