Nikizima Wi-Fi na Bluetooth nataka ZIZIME, nani kawaambia watengenezaji wa simu waendelee kuziwasha kimya kimya?

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara mbili maana nilikuwa natukana tu, sasa nimetulia kidogo ila hasira iko pale pale.

Juzi nimelala saa tano usiku simu ina chaji 84. Wi-Fi nimezima, Bluetooth nimezima, data nimeacha kwa sababu nilikuwa nasubiri meseji ya dada yangu ambaye alikuwa hospitali na mtoto. Naamka saa kumi na mbili asubuhi simu ina 47! Sijaigusa, hakuna video wala gemu, ilikuwa mezani imelala kifudifudi. Nikasema poa, nikatoka hivyo hivyo. Mchana dada anapiga, ndio anaanza kunieleza daktari kasema nini, kafika katikati ya sentensi, kioo kikawa cheusi. Nimekaa na hilo dude mkononi zaidi ya saa nzima bila kujua mtoto ana nini. Mtoto anaendelea vizuri, Mungu mkubwa, lakini ile saa moja siwezi kuisamehe.

Usiku nikaingia kwenye setingi kutafuta mchawi. Ukurasa wa betri unaniambia aliyekula chaji ni "mfumo". Mfumo ndio nani? Umenitajia apu ya saa imekula asilimia 1, halafu mnyama mkubwa kuliko wote unamficha kwenye neno moja! Nikaendelea kuchimba mpaka ndani ya setingi za mahali, huko chini kabisa nikakuta swichi mbili zimewashwa, moja ya kutafuta Wi-Fi na nyingine ya kutafuta vifaa vya Bluetooth, na maelezo yake yanasema wazi kabisa kwamba simu itaendelea kutafuta hata kama umezima Wi-Fi na Bluetooth. Yaani mimi nabonyeza zima, taa inazimika, najua nimemaliza, kumbe kule ndani kuna swichi nyingine ambayo sikuwahi kuiona wala kuulizwa.

Na msiniambie hamia iPhone. Tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, ukizima Wi-Fi au Bluetooth kwenye ile paneli ya kuvuta, haizimi, inakata tu ulichounganishwa nacho halafu saa kumi na moja alfajiri inarudi yenyewe. Ukitaka izime kweli uende mpaka kwenye setingi. Kwa hiyo hii ni tabia yao wote.

Sikuishia hapo. Kwenye zile setingi zilizofichwa za wasanidi programu, yaani watengeneza apu, nikakuta nyingine inayoacha data ya simu ikiwa hai MUDA WOTE hata ukiwa kwenye Wi-Fi, eti ili kuhama kutoka Wi-Fi kwenda data iwe haraka. Kwa hiyo nikiwa nyumbani kwenye Wi-Fi nalisha redio mbili, yaani vile vifaa vya ndani ya simu vinavyorusha na kunasa mawimbi, kwa kazi ya moja! Hapo bado laini ya pili, ambayo pale ninapolala mtandao wake unapanda unashuka usiku kucha.

Na hapo kwenye mtandao kupanda na kushuka nataka tuelewane, maana ushauri unaotolewa kila siku ni ule ule, zima Bluetooth, zima Bluetooth. Bluetooth sio mwizi mkubwa jamani. Toka toleo la 4.0 la mwaka 2010 ina hali ya nguvu ndogo, imetengenezwa kwa vifaa vinavyoishi miezi kwa kibetri cha saa. Mlaji ni mtandao wa simu ukiwa dhaifu. Mnara ukiwa mbali au kuta nene, simu inapandisha nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, na mnara ukipotea inazunguka masafa yote kuutafuta, inakosa, inaanza tena. Ukiwa na 5G mitandao mingi bado inaifunga pamoja na 4G, simu inashika zote mbili kwa mpigo. Halafu kila kimeseji kinachoingia redio hairudi kulala hapo hapo, inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja kingine, sasa piga hesabu apu zako zote zinavyochungulia mtandao usiku kucha.

Hotspoti ndio usiseme. Wiki iliyopita nimetumia dakika arobaini kutuma faili za kazi, huku data inavuta, huku Wi-Fi inagawa, na nilikuwa nimechomeka chaja. Nyuma ya simu pakawaka mpaka kava ikalegea, nikaishika na kitambaa. Joto hilo ndilo linaloua betri ya lithiamu moja kwa moja, sio chaji ya siku hiyo tu, uwezo wenyewe unapungua na haurudi. Na simu haikunipa onyo lolote.

Nimewaandikia waliotengeneza simu yangu. Jibu: punguza mwanga wa kioo na ufunge programu usizotumia. KIOO KILIKUWA KIMEZIMWA, nimewaandikia nimelala! Hawakusoma hata mstari.

Ninachodai ni kidogo sana. Kitufe kikisema zima, kizime. Na ukurasa wa betri unitajie kila redio kwa jina lake, laini ya kwanza imekula ngapi, laini ya pili ngapi, Wi-Fi ngapi, nijue namkamata nani.

NYONGEZA: mkuu aliyeniambia niweke hali ya ndege nikilala, mtoto wa dada alikuwa hospitali, ningepokeaje simu? Kwa asiyengoja simu ni kweli inasaidia, na unaweza kuwasha Wi-Fi peke yake juu yake.

NYONGEZA 2: jana nimezima zile swichi mbili za kutafuta, nimezima laini ya pili, na ya kwanza nimeilazimisha 4G tu. Nimelala na 80 nimeamka na 71. Simu ile ile, betri ile ile, meza ile ile. Mwenye simu ambayo ukizima inazima bila kuchimba setingi zote hizi aweke modeli hapa, nasoma kila jibu.